Mpira Uliporudi kwa Namba Nne



Frateri mwenzangu anayeshughulikia gazeti hili aliniomba niandike kitu juu ya michezo na maisha ya pamoja. Nadhani alitegemea maneno ya afya na nidhamu. Nilimwambia kwamba kuhusu michezo ninacho kisa kimoja tu ninachokijua tangu mwanzo hadi mwisho, na kisa chenyewe hakinijengei jina. Akasema, lete hicho hicho.

Ilikuwa mwaka 2013, Bunda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasaidia dukani kwa mama mdogo, na jioni nacheza mpira wa kikapu katika timu ya vijana wa parokia. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji iliyopasuka, una goli moja zima na jingine lililoinama kidogo upande wa kushoto, kiasi kwamba wageni walikosa sana kipindi cha kwanza na sisi tukawacheka. Jimbo la Bunda lenyewe lilikuwa bado changa. Lilizinduliwa mwaka 2010 kwa kumegwa kutoka Musoma na Mwanza, kwa hiyo tulipocheza na vijana wa Musoma ilikuwa kama mtoto aliyehama nyumbani anarudi kumwonyesha baba kwamba naye ana kuku wake. Mechi hizo hazikuwa za kirafiki hata kidogo, ingawa barua za mwaliko ziliandikwa hivyo.

Sitataja jina la mtu. Tuliitana kwa namba za jezi, maana siku zile jezi za kikapu zilianzia namba nne hadi kumi na tano. Mimi nilikuwa Tisa. Senta wetu, kijana mrefu wa Kijita aliyekuwa anavua dagaa na baba yake na ambaye alikuwa hasemi kabisa, alikuwa Kumi na Tano. Na mchezeshaji wetu, yule anayeitwa pointi gadi, alikuwa Nne.

Kwa wasomaji waliozoea soka, nieleze kazi ya mtu huyu. Kikapu kina wachezaji watano tu kila upande. Mkishapata mpira mna sekunde nane kuuvusha nusu ya uwanja, na sekunde 24 kwa jumla kujaribu kufunga. Sisi hatukuwa na saa ya ubaoni, mwamuzi alihesabu kwa vidole, tena vidole vya mwenyeji huenda haraka mgeni akiwa na mpira. Katika muda huo mfupi lazima awepo mmoja anayeleta mpira, anayeona nani yuko wazi, anayejua nani amechoka na nani amekasirika. Nne alikuwa na macho hayo. Alikuwa anakupa mpira kabla hujajua kwamba uko wazi. Sisi wengine tulikimbia pale alipotuonyesha kwa kidevu, tukapokea, tukafunga, tukajiona wachezaji.

Mwezi Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza, tulikwenda Musoma. Asubuhi ilinyesha, mchana jua likatoka, tukaona uwanja umekauka. Haukuwa umekauka wote. Katika robo ya tatu Nne alikata kwenda golini, akageuka kwa mguu wa kulia, na mguu ukabaki pale mwili ulipoendelea. Hakuna aliyemgusa. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na niliusikia mfupa. Tulimbeba juu ya benchi hadi kwenye gari. Hospitalini wakasema ni mfupa wa muundi, akafungwa hogo kuanzia pajani hadi vidoleni, akaambiwa asikanyage chini hadi atakaporuhusiwa.

Kila aliyekwenda kumpa pole nyumbani kwao alimtajia John Stephen Akhwari. Unamjua Mtanzania alivyo, mtu akiumia mguu lazima atajiwe Akhwari. Ni kweli kwamba Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, saa moja na dakika tano nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni habari ya kutia moyo. Lakini Akhwari alikuwa anakimbia peke yake. Nyuma yake hakukuwa na mtu aliyevaa viatu vyake na kukalia nafasi yake akiomba achelewe. Nne alikuwa naye mtu huyo. Ndiye mimi.

Mechi mbili za kwanza bila yeye tulipigwa vibaya. Frateri aliyekuwa kwetu kwa mwaka wa kichungaji, ambaye ndiye alikuwa kocha, akanipa mimi kazi ya kuleta mpira. Sikuwa na mbio za Nne wala macho yake. Nikivuka nusu ya uwanja nilikuwa sioni kitu, naona mikono tu. Kwa hiyo ilibidi wenzangu wanisaidie, na hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Kwa kuwa sikuweza kuwaona, wakaanza kuita. Kumi na Tano, ambaye kwa miaka miwili hatukuwahi kumsikia uwanjani, siku moja akapaza sauti kutoka chini ya goli, "Tisa, hapa!" Sote tuligeuka, hata wapinzani. Nikampa, akafunga. Tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Mpira ukawa unapita kwa watu wote watano. Mwezi Mei tukawafunga Musoma kwao, jambo ambalo Nne mwenyewe hakuwahi kulifanya.

Nilianza kuipenda hali hiyo. Sokoni akina mama wauza dagaa waliniita mchezeshaji. Watoto wa komunyo ya kwanza waliniomba wanibebee viatu. Mtu ambaye hajawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote ataelewa.

Wakati huo huo nilikuwa nafuatilia habari za Marekani kwenye simu ya jirani. Chicago Bulls walikuwa na mchezeshaji wao, Derrick Rose, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi ya NBA mwaka 2011 akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wote waliowahi kupata heshima hiyo. Tarehe 28 Aprili 2012, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Philadelphia, timu yake ikiwa mbele na mchezo unakaribia kwisha, kano ya goti la kushoto ilikatika. Msimu wote wa 2012 hadi 2013 hakucheza. Watu wote duniani waliuliza atarudi lini. Mimi sikuuliza hivyo. Mimi nilimtazama aliyekuwa akicheza nafasi yake, Nate Robinson, mtu mfupi wa kiasi cha sentimita 175 katikati ya majitu. Tarehe 27 Aprili 2013, dhidi ya Brooklyn, Robinson alifunga pointi 34, kati ya hizo 23 zikiwa za robo ya nne peke yake, na Chicago wakashinda baada ya nyongeza tatu za muda. Siku hiyo nilitembea Bunda nzima kama vile nimezifunga mimi.

Kisha msimu ukaisha, ikatangazwa kwamba Rose anarudi, na Robinson akaondoka kwenda Denver. Nilielewa vizuri sana maana yake.

Nne hakukosa mazoezi hata siku moja. Alikuja na magongo yake, akaketi kwenye tofali pembeni, hogo limenyooshwa mbele na limeandikwa majina yetu yote, na mapajani alikuwa na daftari la mistari. Tulidhani anachora. Mara moja moja aliniita. "Mdogo wangu, usitazame mpira. Mtazame kiuno. Kiuno hakidanganyi." Yalikuwa maneno mazuri na yalinisaidia, na kila yaliponisaidia nilimchukia zaidi.

Kwenye jumuiya walimwombea kila Jumamosi. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa mama yake mkubwa, kwa hiyo nia hiyo haikusahaulika. Niliitikia pamoja na wengine. Halafu usiku, kitandani, nilikuwa na sala yangu nyingine. Sikuomba asipone, siku zile nilijiona mwema kwa sababu hiyo. Niliomba tu apone polepole. Niliomba apone Januari. Ndugu zangu, kuna dhambi ambazo mtu huzitenda akiwa amepiga magoti. Niliungama baadaye, na alichoniambia padre kimebaki pale.

Mapema Septemba daktari alimruhusu kucheza. Mechi ilikuwa kwetu Bunda, wageni wakiwa Musoma. Frateri alipomwita kutoka benchi, watu walisimama, wakapiga makofi na vigelegele, na mama yake mkubwa akakimbia hadi katikati ya uwanja na kanga yake. Mimi nilitoka. Tukagongana mikono. Nilitabasamu.

Sasa nisikilize kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya nikubali kuandika. Nilikaa benchi nikitegemea kuona timu yetu nzuri imeongezewa mtu mzuri. Nne alipogusa mpira tu, wenzangu wanne walisimama. Sisemi walipunguza mwendo, walisimama kabisa, wakamtazama, kama watoto wanaomtazama mama akipakua. Miezi sita ya kuitana ikafutika kwa dakika moja. Kumi na Tano alifunga mdomo wake kama mlango wa duka saa mbili usiku. Kila mtu alikuwa anasubiri kidevu kimwonyeshe.

Na kidevu hakikuonyesha, kwa sababu Nne mwenyewe alikuwa anauogopa mguu. Akikaribia goli alikuwa anajizuia. Hatua yake ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto, jambo ambalo mtazamaji wa kawaida asingeliona, lakini mimi nilikuwa nimemtazama kiuno. Alikuwa anatoa pasi mapema mno ili asigongwe. Wapokeaji walikuwa wamesimama. Mipira ikatoka nje mmoja baada ya mwingine. Tulifungwa kwa pointi 11 mbele ya watu waliokuja kushangilia kupona kwake.

Kwa siku kadhaa nilikuwa na furaha chafu moyoni, na sikumweleza mtu. Katika mazoezi hakuna aliyethubutu kumkaba. Akipita tulimwachia njia kama anayebeba Ekaristi. Frateri alifoka, alitubadilisha, alituamuru tucheze bila kudunda mpira hata mara moja, ili tulazimike kutembea na kuitana. Tulifanya hivyo vizuri Nne akiwa nje. Akiingia, tunasimama. Mtu aliyeumia husemwa kwamba anatakiwa kujifunza upya kutembea. Hakuna aliyetuambia kwamba na waliobaki wanatakiwa kujifunza upya kucheza naye, na kwamba huruma yao na heshima yao vinaweza kuwa mzigo mzito kuliko lile hogo.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, tulialikwa kucheza Butiama. Tulipanda Noah mbili kutoka Bunda, tukafika Makutano, tukashika barabara ya Butiama. Kwa kuwa tulifika mapema, Frateri akatupeleka Mwitongo kusali kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere kabla ya mechi. Palikuwa na watu wengi. Baada ya sala wenzetu walikwenda kutazama makumbusho, mimi na Nne tukabaki tumekaa juu ya jiwe, kwa sababu mguu wake ulikuwa unamuuma kwa kupanda kilima. Mawe ya Butiama ni makubwa, mtu na mgomvi wake wanaenea.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Huyu mzee aliachia urais mwaka 1985, akarudi hapa hapa kulima. Sijui alijisikiaje akisikia redioni wenzake wanaamua mambo bila yeye."

Nikasema labda alifurahi.

"Labda," akasema. "Mimi sikufurahi."

Akafungua mfuko wake akatoa lile daftari. Ndani hakukuwa na michoro. Kulikuwa na mistari, tarehe za mechi, na namba zetu. Tisa kwa Kumi na Tano, mara saba. Tisa kwa Sita, mara tano. Kumi na Tano kwa Sita. Sita kwa Tisa. Mechi ya Musoma ya Mei alikuwa ameijaza kurasa tatu, na pale tulipofunga aliweka msalaba mdogo. Miezi yote ile ya kukaa juu ya tofali alikuwa ameandika kila pasi yangu nzuri.

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nikamwambia yote pale pale. Nikamwambia juu ya kitandani, juu ya Januari, juu ya Nate Robinson. Nilikuwa nazungumza nikitazama chini, na nilipomaliza nilisubiri anyanyuke aondoke.

Alicheka. Alicheka mpaka mlinzi akatutazama. Akarudisha kurasa za daftari nyuma hadi mwanzo, akanionyesha. Kurasa za kwanza, za mwezi Machi na Aprili, zilikuwa na safu moja tu, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: MIPIRA ALIYOPOTEZA TISA.

"Hata mimi nilikuwa naomba," akasema. "Niliomba uwapoteze wote. Nikaanza kuhesabu ili Frateri aone kwamba bila mimi hamwendi. Wiki za mwanzo nilipata mingi, nikalala vizuri. Halafu ikawa michache. Sasa mtu umeshalipia daftari, umekaa juu ya tofali, utaandika nini? Nikaanza kuandika mingine."

Tukakaa. Nakumbuka nilitaka kusema kitu cha maana na sikukipata. Yeye ndiye aliyerudi kwenye mpira. Akasema mguu wake hautakimbia tena kama zamani, anajua, lakini macho bado anayo. Akapendekeza tusibadilishane, tucheze wote wawili pamoja. "Wewe lete mpira. Mimi nitaupokea ukishavuka nusu. Wakiniona nina mpira tangu mwanzo watasimama. Wakiniona nimeupata katikati ya mwendo, watakuwa wameshaanza kukimbia, watasahau kusimama." Na akaniomba kitu kimoja zaidi, kwamba katika mazoezi yanayofuata nimkabe kwa nguvu, nimgonge. "Wengine watanionea huruma. Wewe hutanionea, sasa najua." Lilikuwa tusi na lilikuwa sifa. Nililipokea lote.

Frateri alikubali bila kuuliza maswali mengi. Mechi ile ilikuwa ngumu, vijana wa Butiama wana mapafu ya kilimani. Mwanzoni bado walisimama mara mbili tatu. Lakini nilikuwa naleta mpira, na wenzangu walizoea kukimbia nikiwa nao, na Nne alikuwa anatokea pembeni kama mtu aliyechelewa Misa, anachukua, anaachia. Mwishoni, tukiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulikuwa mikononi mwake na nikaona mabega yake yanafanya kama ya zamani, kwamba atabeba mwenyewe. Kutoka chini ya goli ikasikika sauti, "Nne, achia!" Alikuwa Kumi na Tano. Sijui kama kuna mtu alikuwa amewahi kumwambia Nne hivyo maishani. Aliachia. Kumi na Tano akaruka, akatupa, mpira ukazunguka kwenye chuma mara mbili ukatoka nje.

Tulifungwa kwa pointi hiyo moja. Kwenye Noah, kutoka Butiama hadi Bunda, dereva alituomba tupunguze kelele mara nne.

Mwezi uliofuata habari zikaja kwamba Derrick Rose, aliyekuwa amerudi kwa shangwe mwishoni mwa Oktoba, ameumia goti jingine tarehe 22 Novemba huko Portland. Nilikwenda kumwambia Nne nyumbani kwao kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Hakusema kitu, alijishika muundi tu. Siku hiyo nilikaa naye hadi usiku, tukala ugali na sato, na nilipotoka nilitambua kwamba tangu nisome habari ile nilikuwa sijamwaza Nate Robinson. Chicago walimaliza msimu ule mpira wao ukipitia kwa senta, Joakim Noah, mtu mrefu aliyegawa pasi kama mchezeshaji, wastani wa zaidi ya tano kwa mechi, na mwaka 2014 akapewa tuzo ya mlinzi bora wa ligi. Kumi na Tano alipopata habari hizo alitutaka tumwite Noah. Tulikataa. Noah kwetu ni gari.

Rose hakuwa tena yule wa 2011. Lakini tarehe 31 Oktoba 2018, akiwa Minnesota, alifunga pointi 50 dhidi ya Utah, akalia uwanjani, na wenzake wakammwagia maji wakimkumbatia mmoja mmoja. Nilikuwa tayari katika malezi na simu haziruhusiwi siku za wiki. Jumapili nilipoifungua nilikuta ujumbe wa Nne, picha ya Rose akilia na maneno mawili chini yake: "Umeomba lini?"

Siku hizi anaishi Musoma, ana duka la vifaa vya umeme, ana watoto wawili. Mvua za masika zikikaribia mguu humjulisha mapema kuliko redio. Jumamosi hufundisha watoto kikapu, na nasikia ana sheria kwamba wakubwa wanaoleta mpira wakae benchi robo moja ya kila mechi, wawe wazima au wagonjwa, na wakiwa pale washike daftari.

Lile daftari lake la 2013 nilimwomba wakati naingia seminari kuu, nilitaka niwe nalo. Alikataa. Alisema kurasa za mwisho ningeweza kupewa, lakini za mwanzo hazifai kusomwa na frateri, na yeye hachani daftari.